Sweta ya nailoni, shaba ya mlangoni kwa baba, na cheche iliyogoma stesheni ya Likasi

Wakuu, heshima zenu wote, wa zamani na mliojiunga jana.

Mimi humu ni wa kusoma tu. Nagonga like, nacheka peke yangu, narudi kwenye cherehani. Lakini kuna kitu kimenikaa kooni tangu wiki iliyopita, na nisipokitoa nitamshonea mteja suruali ya miguu mitatu. Ninachoandika ni kilichonipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Chumvi yenyewe mtaikuta huko mbele, ilifukiwa kwenye shimo.

Mimi ni mama mtu mzima, fundi nguo hapa Dar. Nimezaliwa na kukulia Likasi, Katanga, enzi Kongo ikiitwa Zaire. Kiswahili cha kwetu mkikikuta kwenye midomo ya watu wangu msicheke. Haya, chekeni kidogo.

Wiki iliyopita nilipeleka nguo za harusi Makambako. Mnaoijua Makambako mwezi wa saba mnanielewa. Baridi kavu, midomo inapasuka, ngozi inakuwa nyeupe hata ujipake mafuta kopo zima. Asubuhi pale gesti nikavua sweta niliyolala nayo.

Trrrrrrr.

Nywele zote zikasimama. Nikanyoosha mkono nifungue mlango, kitasa cha chuma.

PAH!

Wakuu, nilikaa kitandani nikalia. Mwanamke na mvi zangu, nalia kwa sababu ya kitasa. Dada wa mapokezi akaja kugonga akidhani nimefiwa. Nikamwambia hapana mwanangu, ni umeme tu. Akaenda kumwita fundi umeme, maskini.

Ngoja kwanza niwaeleze hii kitu, maana vijana wengine mnadhani ni mashetani.

Vitu viwili tofauti vikisuguana halafu vikaachana, kimoja kinamchomoa mwenzake chembe ndogo za umeme. Aliyechomolewa na aliyechomoa wanabaki wanatafutana. Ndiyo maana ukichana nywele kavu kwa kitana cha plastiki, kinavuta vipande vya karatasi. Ndiyo maana sketi ya nailoni inakunata mapajani mbele ya wakwe, na mfuko wa plastiki unagoma kutoka mkononi.

Nailoni, polyester, plastiki, hizo umeme ukitua juu yake hauna njia ya kuondokea, unakaa pale pale. Pamba inanywa unyevu, kwa hiyo umeme unapenya na kwenda zake. Mwili wako nao unabeba kimya kimya, hujui, mpaka uguse chuma, unaruka wote mara moja. Ndiyo ile pah.

Na Dar? Dar hewa yenyewe ni mvuke. Kila kitu kimelowa kidogo. Umeme unakimbia kabla haujajaa. Miaka yote niliyokaa hapa sijapigwa hata mara moja, na mtaona kwa nini nalihesabu hilo kuwa msiba.

Haya, twende Likasi.

Mji wetu ulikuwa wa kampuni. Mgodi ni wa kampuni, nyumba ni ya kampuni, hospitali ya kampuni, unga unagawiwa na kampuni, na king'ora cha kampuni ndicho kilichotuamsha. Baba yangu yeye alikuwa kwenye kiwanda kilichotengeneza baruti za kupasulia miamba migodini.

Kazi ya baruti ina adabu zake. Cheche ndogo tu, hata ile ya sweta, haitakiwi kukaribia. Kwa hiyo wafanyakazi walivaa pamba tupu, mpaka nguo za ndani. Nailoni marufuku. Sufu marufuku. Kiatu chenye msumari marufuku. Na kabla ya kuingia kwenye jengo, kila mtu, awe mkubwa awe mdogo, aliweka mkono kwenye bamba la shaba lililounganishwa na ardhi, ili umeme wake ushuke chini.

Wengine walivua adabu hiyo getini pamoja na ovaroli. Baba yangu aliileta nyumbani.

Alipigilia bamba la shaba kwenye nguzo ya mlango wetu. Shaba Likasi si kitu cha kushangaza, hata watoto walikuwa wanachezea vipande. Kutoka kwenye bamba akashusha waya mpaka kwenye shimo, shimo akalijaza makaa na chumvi ili ardhi ishike unyevu. Na kwa kuwa kiangazi chetu ni kikavu kama mfupa, Mama alikuwa na kazi moja kila asubuhi: kumwaga kopo la maji pale chini ya waya.

Hakuna aliyeingia kwetu bila kugusa. Jirani, padri, muuza mboga. Baba akiwa kwenye kiti chake alikuwa hata hageuki.

"Shaba mbele!" anasema. "Kiganja kizima, hapana ncha ya kidole. Ukigusa na ncha itakuuma. Ukiweka kiganja kizima, inashuka polepole."

Sisi watoto tulimcheka. Mtaa mzima ulituita watu wa shaba. Lakini Baba hakutania na hilo jambo, na kiwandani kwao miaka yote hakuwahi kuona cheche ikiwaka, akaamini ni kwa sababu ya adabu hiyo hiyo. Utambishia vipi?

Sasa fikirieni msichana kwenye nyumba hiyo. Wenzangu wote wamevaa nailoni zinazong'aa, blauzi hazihitaji pasi. Mimi pamba, pamba, pamba, makunyanzi kama nimetafunwa na ng'ombe.

Basi siku moja nikaenda kupiga picha ya kitambulisho, kwenye studio ndogo karibu na stesheni. Mpiga picha alikuwa kijana mrefu, mwembamba, amevaa pullover, yaani sweta, ya nailoni rangi ya machungwa. Jina lake Mukendi. Familia yake asili ni Kasai, babu yake aliletwa kuchimba shaba zamani za Wabelgiji, lakini yeye na baba yake wote walizaliwa Likasi kama mimi. Wazazi walikuwa wamefariki, alilelewa na shangazi yake, Tantine Ntumba.

Akanipa bahasha ya picha. Vidole vyetu vikagusana.

Pah!

"Weye!" nikaruka. "Unanipika?" Kwetu kupika ni kupiga, msiwaze jikoni.

"Si minye," akasema anacheka, "ni pullover. Inakupenda."

Jamani. Mwanaume anakwambia pullover yake inakupenda. Nilirudi nyumbani nikagusa shaba ya Baba, halafu nikakasirika kwamba nimegusa, maana nilitaka kile kitu kibaki.

Nikaanza kutafuta sababu za kupita studio. Mukendi alinionyesha mambo. Kabla ya kushika filamu aligusa bomba la maji. Kiangazi filamu aliirudisha polepole sana, kijigurudumu cha kamera unakizungusha kwa upole, kwa sababu ukiharakisha, filamu inajisugua, cheche inapiga mle ndani gizani na inajichora kwenye picha kama matawi ya mti. Alikuwa na picha kadhaa zilizoharibika hivyo, za harusi za watu, radi zimepita usoni kwa bibi harusi. Tulicheka mpaka machozi.

Na sakafu ya studio ilikuwa na balatum, lile zulia la plastiki. Anaburuza viatu huku na huku kama mzee, ananijia taratibu, ananigusa sikio. Pah! Mimi nikiburuza, nagusa pua yake. Wakuu, mapenzi ya siku hizi mna simu na emoji. Sisi tulikuwa na balatum.

Nilimpenda. Nisizunguke.

Mwezi wa saba akaja kunichumbia. Alikuja na shangazi yake na mjomba mmoja asiyesema kitu, amechukuliwa kwa ajili ya kuongeza idadi. Tantine Ntumba alikuwa mama mnene wa kanisa, msafi, anatembea kichwa juu, gauni la nailoni la kumetameta, kitambaa kichwani.

Sasa sikilizeni bahati mbaya. Wanafika getini wakati huo huo Mama anamwaga kopo la maji chini ya waya. Anamwaga polepole, ameinama, kimya. Tantine anamtazama. Anatazama bamba la shaba limepigiliwa kwenye nguzo, limeng'aa kwa mikono ya watu. Anatazama waya unaoingia ardhini. Anaona chumvi nyeupe pembeni ya shimo.

Baba yuko mlangoni na shati lake bora la pamba. Anatabasamu. Anasema, kama alivyowaambia watu wote:

"Karibuni sana. Shaba mbele."

Tantine akarudi nyuma hatua nzima. "Aa, Mvidi Mukulu!" Kwao ni kumwita Mungu. "Papa, samahani. Sisi batu ya kanisa. Minye siwezi gusa ile kintu."

"Ile si kintu mubaya, Mama. Ni shaba tu."

"Shaba yenye inakunywa maji?"

Wallahi nilitaka ardhi inimeze pamoja na ile chumvi. Mukendi akaanza kueleza, cheche, nailoni, baruti, kiganja, kila alichoeleza kikawa kibaya zaidi. Alipofika kwenye "inashuka mu udongo," shangazi akafanya ishara ya msalaba.

Mwanzoni Baba alikuwa mpole. Lakini mtu wa kwanza kukataa mlango wake awe ndiye anayekuja kumchukua binti yake? Uso ukabadilika.

"Hata monseigneur, askofu mwenyewe, akikuya hapa, atagusa," akasema. "Mwenye hagusi, haingii."

Wakaondoka. Soda zetu tukanywa wenyewe, na hakuna aliyesikia utamu.

Kilichozidisha ni hiki. Walipanda teksi yenye viti vya plastiki, shangazi na nailoni yake akajisugua pale mpaka kwao. Anashuka, anashika mlango wa gari: PAH! Mukendi aliniambia shangazi alipiga kelele mtaa mzima ukatoka. "Dawa ya ule muzee imenifuata!" Mukendi akachukua kitana na vipande vya karatasi kumwonyesha kwamba ni jambo la kawaida. Shangazi akakiombea kitana.

Mnacheka. Mimi nililia siku nyingi. Baba hasemi na mimi, shangazi hasemi na Mukendi, na wote wawili ni watu wema. Hilo ndilo lilikuwa linaniumiza, hakuna mbaya wa kumchukia.

Aliyetuokoa ni Mama. Mama yangu hakusoma, lakini alikuwa na akili ya jikoni. Akamwambia Baba: sheria yako ni ya mlango, sivyo? Basi tutoe viti nje. Akamtumia shangazi ujumbe: hakuna atakayegusa kitu, tutakaa uwanjani.

Tukachumbiana uani, wakuu, kiangazi kikielekea mwisho, kwenye upepo ule, mafua kwa kila mtu, vumbi kwenye kuku wa sherehe. Baba na Tantine walikaa kila mmoja upande wake kama mabalozi wa nchi zilizogombana. Lakini mahari ilikubaliwa, na harusi ikapangwa baada ya kiangazi.

Mukendi akaweka kamera kwenye kiti, akategesha ile saa ya kujipiga, akakimbia kusimama pembeni yangu. Kwa furaha aliyokuwa nayo alirudisha filamu trrrrr kama anakimbizwa. Yeye mwenyewe! Aliyenifundisha upole!

Picha ilipotoka, katikati yetu, kati ya mkono wake na wangu, kuna radi nyeupe yenye matawi. Tantine alipoiona alifunika macho. Mimi nikasema hiyo ndiyo picha yangu.

(Naona kuna mdau kauliza tayari hapo chini "mkaoana lini?" Subiri, kaka. Subiri.)

Hatukuoana.

Siasa ikachafuka. Walitokea wakubwa wakaanza kusema kwenye mikutano kwamba watu wa asili ya Kasai si wa pale, warudi kwao. Kwao wapi? Mukendi Kasai hajawahi hata kuiona. Vijana wakatumwa mitaani. Watu waliokuwa wamekaa nyumba jirani, wakigawana chumvi na mkaa, wakatolewa na magodoro kichwani.

Alasiri moja mvua za kwanza zimeanza, tunasikia kelele kutoka mtaa wa kina Mukendi. Halafu nikawaona. Mukendi amemshika shangazi mkono, shangazi kiatu kimoja hana, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Sijawahi kumwona Tantine bila kitambaa. Hawakuwa na pengine pa kukimbilia, au walikuwa napo na wakachagua kwetu, hilo sijui mpaka leo.

Baba akatoka mlangoni. Akawaona. Akasogea pembeni, akafungua mlango wote.

"Muingie," akasema. "Musiguse kintu. Muingie tu."

Mara ya kwanza maishani mwangu kusikia maneno hayo.

Tantine akapanda ngazi. Akafika kwenye nguzo. Nyuma kelele zinakaribia, Mukendi anamsukuma, "Tantine, ingia!" Yeye akasimama. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja kizima juu ya ile shaba. Akakiacha pale. Halafu akamtazama Baba, akaingia.

Baba aligeuza uso akajifanya anachungulia barabarani. Vijana walipofika, aliwaambia nyumba hii ni ya watu wa shaba, nendeni zenu. Wakaenda. Wengine aliwajua kwa majina, aliwahi kuwanunulia pipi.

Walikaa kwetu mpaka ikawa wazi kwamba hawawezi kukaa zaidi, sisi wote tungeunguzwa. Kukabaki stesheni. Mnajua stesheni ile ilijaa vipi? Watu walilala nje, kwenye mvua, wanapika pale, wanazaa pale, wanakufa pale, wakingoja treni ya kuwapeleka mahali wasipopajua. Kila siku nilipeleka chakula. Tantine alianza kukohoa.

Nilitaka kwenda nao. Nilifunga kabisa nguo zangu. Mukendi akakataa. "Ile treni inabeba batu kama makaa. Baki. Nikimufikisha Tantine, minye nitarudia." Nikamwamini, kwa sababu hakuwa mwongo.

Siku treni ilipokuja alinipa pullover yake ya machungwa. Nikaivaa pale pale. Behewa likaanza kuvuta. Alitoa mkono dirishani, mimi nakimbia pembeni, nimenyoosha wangu, na wakuu, najua mtaniona mjinga, lakini nilikuwa nasubiri ile pah. Nilikuwa nimejisugua mikono kwenye nailoni njia nzima. Nilitaka anipige kama siku ya kwanza.

Vidole vikagusana. Kimya.

Ilikuwa mvua. Kila kitu kimelowa, pullover imelowa, mikono imelowa, hewa imelowa. Hakikubaki kitu cha kuruka. Tuligusana kama watu wowote, halafu treni ikaondoka.

Hakurudi. Niliuliza kwa kila aliyetoka upande ule. Mmoja aliniambia Tantine alizikwa njiani kabla ya kufika. Habari za Mukendi hakuwa nazo.

Nilingoja. Baadaye Baba akafariki, kampuni ikaanguka, nikavuka Zambia na biashara ya vitenge, nikafika Dar, nikaolewa na Mngoni mmoja mwema sana ambaye naye Mungu kamchukua. Yeye kisa hiki alikijua. Ndiye aliyenisaidia kupigilia lile bamba kwenye nguzo ya duka langu, maana nililing'oa kule kwetu nikaja nalo. Wateja wananiuliza ni la nini. Nawaambia pambo.

Sasa funzo, maana mtasema mama katuliza bure. La kwanza la kawaida: mkiwa sehemu kavu vaeni pamba, msivue masweta ya nailoni karibu na petroli, na guseni chuma kwa kiganja kizima, hakitawauma. Hilo ni la Baba.

La pili ni langu. Unaogopa mlango wa mtu kwa sababu umeona maji yanamwagwa na hukumuuliza mwenye mlango. Uliza. Sisi tulipoteza miezi ya kiangazi kwa ajili ya kopo la maji, na miezi hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo tu. Tungekubaliana ile siku ya kwanza, tungeoana kiangazi kile kile, ningekuwa mke wake, na kwenye ile treni asingeweza kuniambia baki.

Kama humu kuna mtu wa Kasai, au mwenye ndugu kule, na anamjua mzee mrefu mwembamba aliyekuwa mpiga picha Likasi, mwambieni Bupe anauliza. Picha ninayo. Radi yake bado iko katikati.

Na ninyi wengine leteni visa vyenu vya cheche, nitasoma vyote. Nafungua duka sasa hivi. Nikipita mlangoni nitaweka kiganja kwenye shaba, kama kila siku, na najua kwa mvuke huu wa Dar haitapiga.

Naweka tu.